Kosa la Kihusishi Sahihi

Wasomaji wangu, nchi ninayotaka kuwasimulia haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta. Atakayeona inafanana na anakoishi, hilo ni lake na macho yake, mimi simo. Mimi ni raia mtiifu. Nimeajiriwa na serikali ya huko kama Mpiga Makofi Daraja la Pili, kazi ya kudumu yenye pensheni, na kwa sababu hiyo kila penye sherehe, mkutano au kesi kubwa nami nipo, mstari wa mbele, viganja tayari.

Nchi yetu ina sheria moja nzuri sana. Sifa kwa serikali zinapokelewa kwa lugha yoyote ile, hata kwa vigelegele, hata kwa kutikisa kichwa tu. Malalamiko yanapokelewa kwa Kiingereza peke yake, tena kilichonyooka. Mlezi Mkuu wa Taifa alitueleza sababu siku alipoitia saini. "Mtu akilalamika kwa lugha ya mama yake," alisema, "analalamika bila kufikiri. Kiingereza kitampa muda wa kutulia." Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Na kweli, watu walitulia.

Shida ya Kiingereza ni vile vineno vyake vidogo, "of" na "for" na "with" na "to", ambavyo wataalamu wanaviita vihusishi. Kila kivumishi kina kihusishi chake kinachopatana nacho. Ukikipa kingine, sentensi nzima inageuka na kusema jambo ambalo hukulikusudia. Ndiyo maana tukawa na Wizara ya Vivumishi na Vihusishi, jengo zuri kuliko yote nchini. Lalamiko lenye kihusishi kilichokosewa linatupwa. Lenye kihusishi sahihi, sheria inasema, lazima litekelezwe. Tangu Wizara ianzishwe hakuna hata moja lililokuwa limetekelezwa, na kila mwaka Waziri alilitaja jambo hilo bungeni kama ushahidi kwamba wananchi wameridhika.

*

Katika mji wa Kisimani kuna hospitali, na katika hospitali hiyo kuna wodi ya wazazi. Msimamizi wake alikuwa mkunga aitwaye Zamoyoni, ambaye mji mzima ulimwita Sista. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini na mwendo wa haraka, na nusu ya watoto waliokuwa wakicheza mpira mitaani walipitia mikononi mwake.

Wodi hiyo ilikuwa na koki ya maji inayong'aa, imefungwa ukutani kwa ustadi mkubwa. Haikutoa maji kwa sababu nyuma ya ukuta hapakuwa na bomba lolote. Serikali ilikuwa imeanza na koki; mengine yangefuata. Basi wajawazito walikuja na madumu yao ya maji kutoka nyumbani, na aliyekuja mikono mitupu alitegemea kilichobaki kwenye dumu la mwenzake.

Sista Zamoyoni akaenda Wizarani, kwenye tawi lake la pale mjini. Dirishani alimkuta Bwana Kiberenge, Afisa Vihusishi, kijana mwenye tai na adabu zake.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, baba. Nimekuja kwa ajili ya maji."

"Subiri kwanza. Shikamoo inaruhusiwa, maana ni heshima. Kuanzia hapa ni Kiingereza tu."

Sista alikuwa amejiandaa njiani. Alitaka kusema wamepungukiwa na maji. Akavuta pumzi, akasema: "We are short with water."

Kiberenge aliandika, akagonga muhuri, akamshukuru. Haukupita muda mrefu, wodini akatokea mkaguzi kutoka makao makuu. Ilionekana kwamba "short of" ndiko kupungukiwa. "Short with" ni kumjibu mtu kwa ukali. Kwa hiyo Wizara ilikuwa imepokea, kwa masikitiko, taarifa kwamba wauguzi wa Kisimani wanayafokea maji. Mkaguzi aliendesha semina ya lugha ya upole. Akaomba maji kidogo ya kuonyeshea mfano. Yalipokosekana, akatumia soda.

Sista akarudi dirishani, safari hii amekunja uso. "We are angry with the water."

"Maji yamewakosea nini?" Kiberenge akauliza, akavunja sheria na kusema Kiswahili kwa sababu ya mshangao, na tangu hapo Kiingereza kikabaki cha lalamiko lenyewe tu. "Ukisema 'angry with', Sista, umemkasirikia mtu. Maji si mtu."

"Basi nimkasirikie mtu. Mtu gani?"

Kiberenge akatazama kushoto, akatazama kulia. "Hapo ndipo penye ugumu. Wahusika wote ni Waheshimiwa, na Mheshimiwa hawekwi mbele ya 'with'. Jaribu 'angry about'. Hiyo ni ya mambo, haigusi mtu." Kisha akafungua kabati, akachungulia waraka fulani, akatikisa kichwa kwa huruma. "Hata hivyo 'angry' lenyewe limeondolewa. Kivumishi kikali mno. Lakini tunacho 'unhappy', kinavaliwa sana na watumishi wa umma. Tunacho 'displeased', kizito kidogo. Na hiki hapa 'disappointed', cha kuvunjika moyo, kimeingia juzi tu, kinampendeza kila mtu."

Alisema hivyo kama muuza vitenge anayemwaga bidhaa mezani. Sista akachagua "disappointed" ili aondoke. Kumbe kivumishi hicho kinakubali vihusishi kadhaa, na kila kihusishi kina dirisha lake. Dirisha la "with" likampeleka kwa "in", la "in" likampeleka kwa "by", na la "by" lilikuwa limefungwa kwa ajili ya chai. Alikaa kwenye benchi mpaka walinzi wakaanza kufunga milango.

*

Sasa nije kwa Tabia. Tabia alikuwa akikaanga mihogo pale sokoni, na mimi mwenyewe nimekula mihogo yake zaidi ya mara moja; alikuwa na mkono mwepesi wa pilipili. Alijifungua mtoto wa kike mwenye afya. Dumu lake liliisha kabla kazi ya kumzalisha haijaisha, na siku ile hakuna mwenzake aliyebakisha. Baada ya kujifungua, mwili ukaanza kuchemka.

Hospitali ya Kisimani haikuwa na dawa aliyohitaji. Hospitali ya mkoa ilikuwa nayo, na gari la wagonjwa lilikuwepo, limeegeshwa kwenye kivuli cha Wizara, dereva amelala ndani. Lakini kuliomba gari ni kusema kwamba kuna jambo haliendi sawa, na kusema hivyo ni kulalamika. Sista alikwenda mbio mpaka dirishani, aproni ikiwa bado kiunoni.

"Tabia is sick!"

"Pole sana," alisema Kiberenge, na nadhani alimaanisha. "Ni 'sick' au 'ill'? 'Ill' ni mgonjwa mwenye staha zake. 'Sick' ni mgonjwa yeyote."

"Sick! Nipe gari."

"'Sick' ikifuatwa na nini? Hapa lazima tuwe waangalifu, Sista. 'Sick with fever' maana yake homa imemshika. 'Sick of fever' maana yake amechoshwa nayo, hataki hata kuisikia."

"Imemshika na amechoshwa nayo. Weka yote."

"Nafasi ni ya kihusishi kimoja."

"Mwanangu, kuna mtu anakufa."

"Ndiyo maana sitaki tukosee," alisema Kiberenge. "Nikikosea litatupwa, tuanze upya."

Sista akachagua "with". Lakini uchaguzi wake ulihitaji kuthibitishwa na Afisa Mwandamizi, na Afisa Mwandamizi alitaka kuuthibitisha kwenye kamusi kubwa, na kamusi kubwa ilikuwa kwenye chumba chenye funguo mbili. Sista hakusubiri. Alirudi wodini kwa miguu, akakaa na Tabia, akawa anamfuta uso kwa kitambaa alichokilowesha kwa maji ya kunywa ya mlinzi.

Tabia alifariki mchana. Mama yake alikuwa amemshika mjukuu, na hakulia kwa sauti. Alikuwa akimpapasa mtoto mgongoni bila kusimama, kama mashine.

Gari lilifika baadaye kidogo. Kiberenge mwenyewe alishuka, karatasi mkononi, jasho limemlowesha shati, uso umejaa furaha ya mtu aliyefanikiwa.

"Ni 'with', Sista! Ulikuwa umepatia!"

Sista Zamoyoni alimtazama. Kisha alitazama lile gari, injini ikiunguruma, mlango wa nyuma wazi.

"Nilikuwa nimepatia," alisema.

*

Siku ya Vihusishi ni sikukuu yetu ya kitaifa, na mwaka ule ilifanyika Kisimani. Mgeni rasmi alikuwa Waziri, Mheshimiwa Profesa Lutambi, mtu mrefu anayeongea huku amefumba macho ili asivurugwe na wasikilizaji.

"Ndugu wananchi," alisema, "mafanikio yote mnayoyaona, mimi ni 'responsible for', yaani ni kazi yangu. Kwa Mlezi Mkuu, mimi ni 'responsible to', yaani nawajibika kwake. Na kuhusu matatizo madogo madogo, mimi ni 'responsible' bila kihusishi, yaani kwa ujumla."

Nilipiga makofi. Ndiyo kazi.

Kwenye ratiba, wauguzi walitakiwa kushukuru. Sista alikuwa amefundishwa sentensi ya kusema: "We are grateful to you for everything." Alikuwa amefanyishwa mazoezi mpaka akaikariri, na Afisa Mwandamizi alikaa karibu na jukwaa akiinama mbele, midomo ikicheza, tayari kumsaidia kama angesahau.

Sista alishika kipaza sauti. Chini pale, mama yake Tabia alikuwa amesimama na mjukuu mgongoni.

"Tabia was sick with fever," Sista alisema. Afisa Mwandamizi alishtuka, lakini akatikisa kichwa kukubali, maana kihusishi kilikuwa sawa.

Sista akageuka, akamwelekea Waziri. "I am sick of you."

Waziri alifumbua macho.

Watu wengi hawakuelewa. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi akamnong'oneza jirani yake, jirani akapitisha, na maneno yakatambaa kwenye umati mzima mpaka yakawafikia wauza mihogo kule nyuma. "Anasema amechoka naye." "Amechoka na nani?" "Na huyohuyo Waziri." Jukwaani wataalamu walikusanyika juu ya kamusi, wakalamba vidole, wakafunua kurasa. Nilimwona mmoja akinyanyua kichwa, uso umepauka.

"Mheshimiwa," alisema, na kwa bahati mbaya alikuwa karibu na kipaza sauti, "hakuna kosa."

*

Ndiyo sababu Sista alishtakiwa. Angekosea, lalamiko lingetupwa na yeye angerudi kazini. Hati ya mashtaka ilisomeka hivi: kutumia kihusishi sahihi kwa nia mbaya.

Serikali, kwa ukarimu wake, ilimpa wakili. Alikuwa kijana mwerevu, na hoja yake ilinipendeza. "Mheshimiwa Hakimu," alisema, "tuyatafsiri maneno ya mteja wangu. Alisema: nimechoka nawe. Sasa, kwa Kiswahili, 'na' ni ya kuunganisha. Mtu husema nimekula na Juma, nimesafiri na Juma. Hivyo nimechoka nawe maana yake ni kwamba mimi na wewe, Waziri, tumechoka pamoja! Tumechoka katika kulijenga taifa! Ni sifa, Mheshimiwa. Ni mshikamano."

Hakimu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mwendesha mashtaka alikuwa ameshaanza kukusanya mafaili. Waziri, aliyekaa pembeni, alianza kutikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeanza kukumbuka kwamba kweli alikuwa amechoka siku ile.

"Mshtakiwa," alisema Hakimu, "unakubaliana na tafsiri ya wakili wako? Useme ndiyo tu, uende nyumbani."

Sista Zamoyoni alisimama. "Naomba niseme kwa Kiswahili."

"Ni lalamiko?"

"Ni maelezo."

Hakimu alitazama sheria, akaona haisemi chochote juu ya maelezo. "Endelea."

"Mimi na Waziri hatujachoka pamoja," alisema. "Sijawahi kumwona amebeba dumu. Mimi nimechoka kwa kubeba maji, nimechoka kwa kuzika wazazi, na Waziri nimechoka naye. Wakili asinisaidie. Nililolisema nilikuwa nalijua. Sikwenda shule ya kulijulia. Mlinifundisha wenyewe pale dirishani, siku Tabia anakufa. Na kama mnataka niseme nilikosea, basi mtafungwa nyinyi kwa uongo, maana kamusi yenu inasema sikukosea."

Hapo lilitokea jambo ambalo mpaka leo siwezi kulieleza kitaalamu. Viganja vyangu vilikutana. Vilikutana tena. Sikuwa nimepewa ishara na mtu yeyote. Nyuma yangu wengine wakadakia, na wengine, mpaka Hakimu akagonga nyundo kwa muda mrefu. Niliteremshwa cheo palepale, nikawa Daraja la Tatu.

Hukumu ilikuwa ya huruma. Sista alipelekwa gerezani, si kwa miaka, bali mpaka siku atakapotamka "sorry" yenye kihusishi chake.

*

Gereza la Kisimani lina maji. Lina maji mengi, moto na baridi, kwa sababu wageni kutoka nje hukagua magereza na hawakagui wodi za wazazi. Siku ya kwanza Sista alifungua koki, akayatazama maji yakimwagika, akaifunga. Mkuu wa gereza, Afande Semeni, alimwona.

"Vipi, Sista?"

"Afande, una chumba kilicho wazi?"

"Vipo. Vya nini?"

"Safisha kimoja."

Sijui habari zilitokaje nje, maana gereza ni gereza. Ninachojua ni kwamba mwanamke wa kwanza kushikwa na uchungu baada ya hapo hakwenda hospitali. Alikwenda Wizarani, akaegemea dirisha la Kiberenge, akasema kwa nguvu zote zilizobaki: "I am sick of you!" Walinzi wakamkamata, wakampeleka gerezani kama sheria inavyotaka. Huko alimkuta mkunga, kitanda safi na maji ya moto. Kabla jua halijazama alikuwa amejifungua.

Mji mzima ukajifunza sentensi hiyo. Wanawake ambao hawakuwahi kushika daftari waliitamka vizuri kuliko watangazaji wa redio. Waume waliwakimbiza wake zao Wizarani kwa bodaboda na mikokoteni, wakiwakumbusha njiani: "Ni 'of', mama Riziki, usisahau, 'of'!" Wizara ilitoa tangazo kwamba 'of' imepungua nchini na wananchi waitumie kwa uangalifu. Mahakama ilijaribu kuwasikiliza washtakiwa mmoja mmoja, mpaka siku chupa ya uzazi ilipompasukia mshtakiwa akiwa kizimbani. Hakimu aliahirisha kesi akiwa ameshafika mlangoni.

Kisha akaja mwanamke mmoja kijana, amejishika kiuno, akasimama dirishani kwa Kiberenge. Kiberenge alikuwa ameinamisha kichwa akiandika.

"I am sick of you," alisema mwanamke.

Kiberenge alinyanyua kichwa. Alikuwa mke wake.

Watu waliokuwepo wananiambia kwamba hakuita walinzi. Alivua tai, akaiweka juu ya muhuri, akatoka kwa mlango wa nyuma, akambeba mkewe mwenyewe mpaka gerezani. Walipofika getini, askari aliuliza mshtakiwa ni nani. "Sisi sote wawili," alijibu Kiberenge. "Fungua."

*

Watoto wa Kisimani walikuwa sasa wanazaliwa gerezani, na cheti cha kuzaliwa hakina namna ya kulificha hilo. Magazeti ya nje yakaanza kuuliza maswali. Waziri alikwenda gerezani mwenyewe, na mimi nilikuwa kwenye msafara, kule nyuma kabisa, kama inavyostahili daraja langu.

"Sista," alisema, macho wazi, "tumekubali 'sorry for'. Tumekubali 'sorry about'. Hata ukikosea tutaipokea. Useme tu, utoke."

Sista alikuwa anakausha mikono. "Mheshimiwa, nilikuwa na 'sorry' moja tu, na nilishampa mama yake Tabia."

"Basi unataka nini?"

"Bomba. Nyuma ya ukuta wangu."

"Unaiwekea serikali masharti?"

"Ndiyo."

Waziri alingoja, labda akidhani kuna neno jingine linafuata. Halikufuata. Ndani, mwanamke alilia kwa uchungu, na Sista akampa mgongo Waziri, akaingia.

Bomba lilichimbiwa haraka kuliko barabara yoyote iliyowahi kujengwa kwetu. Serikali ilitangaza kwamba halikuhusiana na lalamiko la mtu yeyote, kwamba lilikuwa kwenye mpango tangu zamani. Sista alitolewa gerezani kwa sababu ya msongamano.

Siku ya ufunguzi walimtandikia Waziri zulia jekundu mpaka wodini. Koki ile inayong'aa ilifungwa utepe wa rangi za taifa, na mkasi ukaletwa kwenye sinia. Waziri alikuwa na hotuba ndefu mkononi. Ndipo mlango wa wodi ukafunguliwa na mama mmoja akaingizwa kwenye kiti cha magurudumu, ameuma kanga.

Sista Zamoyoni alipita katikati ya Waheshimiwa kama anayepita sokoni. Ofisa wa itifaki alimzuia kwa mkono. "Sista, bado. Utepe haujakatwa."

Aliushika ule utepe, akauvuta, ukakatika, akaudondosha chini. Akafungua koki. Ilikohoa, ikatema kutu, kisha maji yakaja, mengi, yakapiga beseni kwa kishindo, yakaruka mpaka kwenye viatu vya Waziri. Sista akachukua sabuni, akaanza kunawa kuanzia vidoleni hadi viwikoni, polepole, kama inavyopaswa.

"Sista," alisema ofisa wa itifaki kwa sauti ya kuomba, "Mheshimiwa anataka kuanza."

"Mwambie atoke nje," alisema Sista bila kugeuka. "Hapa kuna mtu anazaa."